Naanzaje kudai talaka kisheria? Niko Moshi, mume ni dereva wa malori

MamaWawili (Moshi)

Habari zenu wadau. Naomba mwenye uelewa wa sheria anisaidie kwa lugha ya kawaida, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Tulifunga ndoa kanisani Kibosho mwaka 2012, cheti ninacho. Watoto ni wawili, mkubwa ana miaka 11, mdogo miaka 5. Mume wangu anaendesha malori ya mizigo ya Zambia. Nyumbani kwake ni hapa Pasua, nguo zake na vyeti vyake vimo humu ndani, lakini akija ni kwa siku mbili anaondoka. Ana mwanamke Tunduma na wamezaa. Hajaficha, amenitamkia mwenyewe mbele ya dada yake. Ada na chakula nabeba mimi kwa nguo ninazouza pale soko la Memorial.

Nilishakubali kuishi hivyo kwa ajili ya watoto. Kilichoniamsha ni kwamba mwezi uliopita alikuja na mtu, wakazunguka nyumba, yule mtu akawa anapima uwanja kwa hatua. Jirani ndiye aliyeniambia kuwa ni mnunuzi. Kiwanja tulinunua 2016, karatasi ya mauzo ina jina lake peke yake. Wifi zangu wanasema mwanamke anatoka na nguo zake, nyumba ni ya mwanaume.

Sasa naanzia wapi? Polisi, parokiani, kwa wakili, au naenda mahakamani moja kwa moja? Sina hela ya wakili.

Mzee wa Kibosho

Pole mwanangu. Mimi nakuomba kwanza uite wazee wa pande zote mbili. Ndoa ya kanisani si jambo la kukimbilia mahakamani. Kwetu mtu akija na jani la sale kuomba msamaha, unamsikiliza. Mpe nafasi hiyo kabla hujaenda mbele.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Mzee wangu shikamoo, lakini huyu dada nyumba inauzwa. Dada, tafuta wakili leo hii akufungulie kesi, hayo mambo ya vikao yatakupotezea muda.

Karani Mstaafu (Arusha)

Mama Wawili, pole sana. Nimefanya kazi masjala za mahakama huku kaskazini mpaka nikastaafu, na mashauri ya ndoa nimeyapokea kwa mikono yangu. Nisome taratibu.

Kijana wa Sakina amekushauri kwa nia njema, ila ukifuata ushauri huo shauri lako litatupwa. Talaka Tanzania haianzii mahakamani, na wala haianzii kwa wakili. Inaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza mtu kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza na Baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyokwisha kusikilizwa mpaka hukumu, nyumba imeshagawanywa, kwa sababu tu hati ya Baraza haikuwepo au haikuwa sahihi. Watu wanarudi kuanza upya wakiwa wamechoka na hela imeisha.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni ofisi ya kata yako. Mwone mtendaji wa kata, mwambie unataka kufungua lalamiko kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Taja jina hilo lote. Ukisema tu "nina shida na mume wangu" watakuandikia barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au ustawi wa jamii, utazunguka. Yapo pia mabaraza ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa kisheria, nayo hati yake inakubalika. Kikao cha wazee wa ukoo, hata kiwe cha busara namna gani, si Baraza. Mzee wa Kibosho asinielewe vibaya: kaeni na wazee kama mnaona kuna uhai, lakini karatasi ya wazee wa ukoo haifungui mlango wa mahakama.

Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Mnaitwa wote wawili, mnasikilizwa wote wawili. Wakili haruhusiwi kukuwakilisha pale. Kwa hiyo hilo la hela ya wakili lisikunyime usingizi katika hatua hii, anayekwenda ni wewe mwenyewe. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, ile inayoitwa Fomu Namba 3.

Hapo kwenye hati naomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Ukiifikisha masjala, karani akiipokea jicho linakwenda kwanza kwenye tarehe na muhuri. Hati inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya siku unayofungua maombi. Ikizidi hapo imekufa. Halafu anasoma maneno yenyewe: lazima iseme wazi kwamba Baraza limesuluhisha na limeshindwa. Barua inayosema "tunamleta kwako mtajwa hapo juu kwa hatua zaidi" haitoshi. Majina yenu yawe kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, herufi kwa herufi. Usitoke ofisini kabla hujaisoma yote ukiwa umesimama palepale.

MamaWawili

Asante sana baba yangu, Mungu akubariki. Hapo sasa naona njia. Swali: asipokuja? Mtu wa safari huyu, akiitwa atasema yuko barabarani.

Karani Mstaafu

Baraza linamwita kwa maandishi. Likimwita akakataa kwa makusudi kufika, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila kusubiri apatikane. Lakini kataa kuondoka mikono mitupu. Omba Baraza liandike kwamba aliitwa, wito ulimfikia kwa njia gani, na hakufika. Wito akipelekewa nyumbani akasaini au ndugu yake akapokea, weka nakala. Kwa dereva, tumieni pia siku anazokuwa Moshi. Mwambie katibu wa Baraza ratiba yake mapema, wapange kikao akiwa yupo. Hakimu anapenda kuona kuwa mtu alipewa nafasi ya kweli.

Sheria imetaja hali nyingine ambazo Baraza linarukwa. Mwenzako amekutelekeza na hujui aliko. Yuko nje ya nchi na hakuna dalili ya kurudi ndani ya miezi sita. Amefungwa maisha au kifungo cha miaka mitano na zaidi. Ana ugonjwa wa akili usiopona. Au mahakama yenyewe ione kuna mazingira ya pekee yanayofanya Baraza lisiwezekane. Wewe hali hizo hazikuhusu, mume wako anajulikana alipo. Usitafute njia ya mkato.

Mama wa Usa River

Naunga mkono hilo la hati kwa uchungu kabisa. Kuna kata moja, siitaji, walinipa barua ya kurasa mbili, imepigwa muhuri vizuri, ukiiona unaamini. Mahakamani nikaambiwa hiyo ni barua ya ofisi ya mtendaji, si hati ya Baraza, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyesaini. Mume wangu alikuwa amekaa pale benchi ananiangalia. Nikarudi kuanza moja, na safari hiyo Baraza lilikaa kweli, wajumbe wakauliza maswali, wakamsikiliza na yeye. Nikapata Fomu Namba 3 na shauri likapokelewa. Dada, soma hati yako.

Karani Mstaafu

Pole mama. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaona.

Mama Wawili, sasa nyumba, kwa sababu hiyo haisubiri Baraza.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema nyumba ya familia haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Jina kwenye karatasi likiwa la mume peke yake haliondoi haki hiyo. Unachotakiwa ni kuwafanya watu wajue. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ueleze kuwa nyumba fulani ni ya familia, wewe ni mke wa ndoa, hujaridhia kuuzwa, ambatisha nakala ya cheti cha ndoa. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, rudi nayo. Mauzo mengi ya viwanja visivyo na hati miliki hupita mbele ya ofisi hizo, na mnunuzi akiambiwa kuna mke aliyepinga hukimbia mwenyewe. Kama kiwanja kina hati miliki, unaweka zuio kwa Msajili wa Hati. Ukishafungua shauri, unaiomba mahakama itoe amri ya kuzuia kuuza mpaka hukumu.

Ile karatasi ya mauzo ya 2016 ipige picha, na majina ya mashahidi waliosaini uyahifadhi. Risiti za saruji, za mabati, jina la fundi, picha za ujenzi, muamala wa simu uliomtumia hela ya mchanga, vyote hivyo kusanya na uvitunze nje ya nyumba, kwa mama yako au kwa mtu unayemwamini.

Binti wa Majengo

Kwa hiyo nyumba inagawanywa nusu kwa nusu?

Karani Mstaafu

Hapana, sheria haijasema nusu. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kuchuma mali ile, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na iangalie pia madeni na mahitaji ya watoto. Na kuhusu wale wifi: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza familia, zinahesabiwa kuwa mchango. Tangu hapo hilo si jambo la kubishania. Mama Wawili ana zaidi ya hilo, ana biashara inayolisha watoto na kulipa ada. Mumewe aliweza kuweka hela kwenye nyumba kwa sababu kuna mtu alikuwa ananunua unga.

Mwana Uru

Karani, shikamoo. Na kihamba je, shamba la ukoo? Kaka yangu anaachana na mkewe, amejenga kwenye kihamba alichopewa na baba. Ukoo mzima umesimama unasema hakuna mwanamke wa kugusa kihamba.

Karani Mstaafu

Marahaba. Kihamba alichopewa kabla ya kuoa ni mali yake, hiyo ndiyo hali ya kuanzia. Lakini sheria inahesabu pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa juhudi zao wote, wakati wa ndoa. Nyumba ya tofali iliyojengwa na wawili, kahawa na migomba iliyopandwa na kutunzwa na mke, hiyo ni kazi yake. Kwa hiyo anaweza kuonyesha mchango wake kwenye maendelezo na mahakama ikaangalia namna ya kumfidia, hata kama ardhi ya ukoo inabaki kwa ukoo. Ambacho ukoo hauwezi ni kukaa kikao na kuamua kwamba hana chochote. Huo ni uamuzi wa hakimu.

Ngarenaro Kwetu (Arusha)

Asalaam aleikum. Mimi nimeoa kiislamu, nimeshamwandikia mke wangu talaka na mashahidi wapo. Nikiulizwa kisheria nimeshaachana naye au bado?

Karani Mstaafu

Waaleikum salaam. Mbele ya dini yako jibu utalipata kwa sheikh. Mbele ya sheria ya nchi bado ndoa ipo mpaka mahakama itoe amri. Njia yako lakini ni fupi kidogo: mgogoro unapelekwa Baraza, la kata au la BAKWATA, likithibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hati hiyo talaka ikatolewa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mahakama inatoa amri ya talaka bila kuwataka mthibitishe ugomvi wenyewe. Iko kifungu cha 107, kijifungu cha tatu. Usioe wala usigawe mali kwa kutegemea karatasi uliyoandika peke yako. Na mama wa watoto ana haki ya kudai mgawanyo na matunzo kama mwingine yeyote.

Dereva wa Himo

Wakuu, mbona mnamzungusha dada wa watu. Mkikaa mbali miaka mitatu ndoa inakufa yenyewe. Hiyo inajulikana.

Karani Mstaafu

Haiko hivyo kaka yangu, na kauli hiyo imeharibu maisha ya watu. Kukaa mbali miaka mitatu, au kutelekezwa miaka mitatu, ni ushahidi unaoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Ndoa yenyewe haifi kwa kalenda. Nimeona mjane anafika kwenye mirathi na mwanamke mwingine anafika na cheti cha ndoa ya zamani ambayo haikuvunjwa mahakamani, watoto wa pande mbili wanaangaliana.

Sababu nyingine zinazopokelewa kuwa ushahidi: uzinzi unaoendelea hata baada ya kulalamikiwa, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzako bila matunzo kwa makusudi, kifungo kirefu, na nyinginezo. Mama Wawili hana haja ya kusubiri mwaka hata mmoja. Anachotakiwa ni kueleza kwa ukweli yale aliyotuambia hapa, na yule dada wa mume aliyesikia kauli ile, kama yuko tayari kusema, ni shahidi mzito.

Angalizo kwa wengine wanaosoma: kama ndoa haijafikisha miaka miwili, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama kuomba talaka, na unaonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Asiyetaka Kutajwa

Samahani, naulizia upande wangu. Anayepigwa naye anasubiri Baraza?

Karani Mstaafu

Mdogo wangu, hapana. Usalama wako unatangulia. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, katibiwe, na nakala uiweke. Hiyo ni njia ya jinai na haihitaji hati ya Baraza wala ruhusa ya mtu yeyote. Talaka itafuata baadaye, na PF3 hiyo itakuwa sehemu ya ushahidi wako. Ukiwa hapo Moshi, ofisi ya KWIECO inasaidia wanawake kisheria. Arusha kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Nenda leo, usingoje mpaka apoe.

Binti wa Majengo

Na sisi ambao hatukufunga ndoa? Tumekaa miaka saba, mtaa mzima unaniita mke wake.

Karani Mstaafu

Kifungu cha 160. Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, kuna dhana kwamba mlioana. Akileta ushahidi kuwa hamkuoana, dhana hiyo inaanguka, na hapo hupati amri ya talaka, maana ndoa haikuwepo. Lakini bado unaweza kuiomba mahakama matunzo, mgawanyo wa mlichochuma na mambo ya watoto.

MamaWawili

Nimesoma yote, nimelia kidogo, nimenyamaza. Jana nimepeleka barua ya nyumba mtaani na kata, nakala zangu zimegongwa muhuri. Mwenyekiti aliniambia kuna mtu alishamuulizia kiwanja hicho, akasema atamjibu kuwa kina mgogoro.

Nimebaki na mambo mawili. Paroko aliniambia kanisa halina talaka. Je, nikienda Baraza nitakuwa nimevunja sakramenti? Na la pili, watoto. Akisema anawachukua kwa kuwa ni wa ukoo wake?

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, la kanisa nikujibu mimi, nimekuwa kwenye kamati ya familia parokiani. Mahakama inavunja ndoa ya kiserikali tu. Ubatili wa ndoa mbele ya Kanisa una mahakama yake jimboni, na hiyo ni safari nyingine utakayoongea na paroko. Kwenda Baraza kulinda nyumba ya watoto si dhambi. Na mimi nikisikia kikao cha ukoo wake kinaitwa, nitakwenda kukaa upande wako, maana nimeelewa sasa shida si ugomvi wa maneno.

Karani Mstaafu

Asante mzee.

Watoto: ukoo hauna neno la mwisho. Mahakama inaangalia ustawi wa mtoto, hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa na kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kudhani kuwa ni vyema akae na mama, na anayepinga ndiye wa kuonyesha sababu. Mdogo wako yuko hapo. Yule wa miaka 11, mahakama inaweza kumsikiliza na yeye. Baba anabaki na wajibu wa kuwatunza wote wawili popote watakapokaa, na unaweza kuomba matunzo hata kabla shauri halijaisha. Kusanya risiti za ada za shule na uandike shule wanazosoma.

Ukipata hati, unafungua maombi Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, zote zina mamlaka. Kwa hali yako ningekwambia Mahakama ya Mwanzo, ni karibu na gharama ni ndogo. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu 2021, kwa hiyo usiogope kuwa hutaelewa. Kwenye maombi unaandika ndoa ilifungwa lini na wapi, majina na umri wa watoto, kilichovunja ndoa, juhudi za upatanisho, na unachoomba: talaka, watoto, matunzo, mgawanyo wa mali. Viombe vyote kwa pamoja. Wengi wanaandika talaka tu, halafu wanaanza kukimbizana na nyumba wakati mwenzao ameshauza.

MamaWawili

Na kuandika hayo maombi nitaweza? Na Jumatatu nikienda kata nibebe nini?

Karani Mstaafu

Kuandika, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawalipishi. Hao wa KWIECO wana uzoefu na mambo haya haya. Waone ukishakuwa na hati, na uende na karatasi zako zote.

Jumatatu beba cheti cha ndoa na nakala yake, kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ile nakala ya barua iliyogongwa muhuri, na karatasi uliyoandika mwenyewe nyumbani kwa utulivu yenye tarehe za mambo makubwa. Andika na namba ya simu ya mume wako na ya kampuni ya malori anakofanya kazi, ili wito umfikie hata akiwa njiani. Mnaruhusiwa kwenda na ndugu, nenda na mmoja mwenye kichwa kilichotulia. Wakikuuliza kama uko tayari kusuluhishwa, jibu ukweli wa moyo wako, usijibu unachodhani wanataka kusikia. Na tarehe ya kikao wakishaipanga, iandike, halafu uulize jina la katibu atakayeshika faili lako.

MamaWawili

Nimeandika yote kwenye daftari. Mume anarudi Moshi wiki ijayo kushusha mzigo, nitaomba kikao kiwekwe siku hizo hizo.